Bridget Riley na rangi: inakuwaje mistari mitupu ikakuchezea macho namna hii

Ukimtaja Bridget Riley kwa mtu aliyewahi kupita pita kwenye mambo ya sanaa atakwambia haraka tu, aah, yule mama wa Kiingereza wa zile picha nyeusi na nyeupe zinazotia kizunguzungu. Hajakosea, ndo zilizompa jina. Lakini zile kazichora miaka michache tu mwanzoni mwa miaka ya 60, na kuanzia 1967 mpaka alipovuka umri wa miaka 90 (kazaliwa London 1931) kazi yake kubwa imekuwa rangi. Sasa kinachonisumbua mimi siku zote ni hiki: mtu aliyeanza na mapenzi ya rangi, tena aliyejifunza kwa kunakili picha ya bingwa wa rangi, ilikuwaje akazitupa zote, akabaki na nyeusi na nyeupe, akapita kwenye kijivu, ndo akarudi? Ukishaielewa hiyo safari, ile mistari inaacha kuwa mistari tu, na yale maneno ya "hata mwanangu wa chekechea anachora hii" yanakufa yenyewe.

Tuanzie kwenye jicho, hamna namna.

Wengi wetu tunaamini rangi ni kitu kilichopo pale, imekaa kwenye kopo, umeipaka ukutani, kama ni nyekundu ni nyekundu, imeisha hiyo. Sivyo inavyokwenda. Kinachotoka ukutani ni mwanga, jicho lina aina 3 za chembe zinazoupokea kwa ajili ya rangi, halafu kuanzia humo humo ndani ya jicho mpaka kwenye ubongo inafanyika kazi ya kulinganisha, na hapo kwenye kulinganisha ndo penye utamu wote. Ubongo haupimi rangi moja moja, unauliza hii ikoje ukiiweka na ya jirani yake. Kwa hiyo ukibadilisha jirani, rangi inabadilika na wala hujaigusa.

Jaribu mwenyewe, haigharimu kitu. Kata vipande 2 vya karatasi ya kijivu, sawa sawa, kimoja kiweke juu ya karatasi ya njano iliyokolea na kingine juu ya karatasi ya bluu. Kile cha kwenye njano kitaanza kuvuta kwenye ubluu bluu fulani hivi, kile cha kwenye bluu kitakuwa kama kimepata joto, kinaelekea rangi ya chungwa. Kijivu ni kile kile. Halafu jaribio la pili, kodolea doa jekundu kama nusu dakika bila kuhamisha macho, kisha geukia ukuta mweupe, utaona doa la kijani kinachoelekea feruzi linaelea mahali ambapo hamna kitu kabisa. Chembe zilizokuwa zinaipokea nyekundu zimechoka, wenzao bado wana nguvu, basi mizani inalala upande wa pili na wewe unaona rangi ambayo haijapakwa na mtu.

Hili jambo lina historia yake nzuri tu. Mwaka 1824 mkemia wa Kifaransa anaitwa Michel Eugène Chevreul alipewa kusimamia idara ya kutia rangi nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins, Paris, kile cha mazulia ya kutundika ukutani. Malalamiko yakaja mezani kwake kwamba uzi mweusi hauna nguvu, ukifumwa karibu na bluu au zambarau unapauka. Akaupima uzi na kuulinganisha na wa kwingine, hauna tatizo lolote. Kumbe shida ilikuwa ni majirani! Akalifuatilia suala hilo kwa miaka, na 1839 akatoa kitabu kinene cha sheria za rangi kutofautishana, ambacho wachoraji wa Ufaransa walikisoma wakati mwingine kuliko hata wanakemia wenzake. Mzee kaishi mpaka miaka 102, kafa 1889, maana yake ni kwamba alikuwa bado hai wakati kijana Georges Seurat, yule mchoraji wa Kifaransa anayejenga picha nzima kwa vidoto vya rangi, anapiga vidoto vyake.

Ila kuna sheria nyingine inayokwenda kinyume na hiyo, na watu wengi wakieleza picha za Riley wanairuka, sijui kwa nini. Rangi zikiwa na eneo la kutosha zinasukumana, kila moja inamfanya jirani awe tofauti zaidi na yeye. Lakini zikiwa nyembamba sana zinaacha kusukumana, zinaanza kuambukizana. Mjerumani Wilhelm von Bezold aliliandika hili kwenye miaka ya 1870, aligundua kwamba kwenye zulia ukibadilisha uzi wa rangi moja tu, zulia zima linaonekana jipya. Hata sisi tunalijua bila kulisoma, angalia mkeka wa ukili uliotiwa rangi, ukiushika mkononi unaona zambarau na kijani kila kimoja kivyake, ukitandikwa barazani ukauangalia toka mbali ule mkeka una rangi moja ya jumla ambayo haipo kwenye ukili wowote. Kwa hiyo upana wa mstari unaamua rangi zigombane au zichanganyike. Lishike hilo maana kazi yote ya Riley inacheza hapo katikati.

Haya, twende kwa mwenyewe. Vita Kuu ya Pili ilimkuta mtoto, wakahamia na mama yake Cornwall, kule pwani ya kusini magharibi ya Uingereza, baba yake yuko jeshini na baadaye akatekwa na Wajapani baada ya Singapore kuanguka 1942. Riley mwenyewe anasema macho yake yalisomea kule. Kwenye makala aliyoiandika miaka ya 80 anakumbuka kuogelea katikati ya mimeto ya mwanga na rangi inayocheza juu ya maji, yaani rangi ambayo ukitaka kuishika haipo, ikipita wimbi imekuwa nyingine. Mimi nadhani hapo ndo penye mzizi, sio kwenye hesabu wala kwenye jiometri kama wengi wanavyodhani wakiona picha zake.

Akasoma chuo cha Goldsmiths, London, kuanzia 1949 mpaka 1952, akaenda Royal College of Art mpaka 1955, na baada ya hapo akakwama kweli kweli. Hakujua achore nini. Akapata kazi ya kuchora kwenye kampuni ya matangazo ya J. Walter Thompson, na pembeni akaendelea kutafuta njia. Mwaka 1959 ndo akafanya kile kitu, akanakili picha ya Seurat ya daraja la Courbevoie. Na hapa kuna kaujanja: picha yenyewe ipo London hapo hapo, kwenye galeri ya Courtauld, lakini yeye alinakili kutoka kwenye picha iliyochapwa kitabuni, tena akaikuza. Alichokuwa anatafuta ni jinsi Seurat alivyofikiri, kwa nini doto hili la chungwa limewekwa pale kwenye bluu, linafanya nini kwa wenzake. Nakala hiyo ameitunza studio kwake miaka yote.

Mwaka uliofuata akaenda Italia, akachora Pink Landscape, mandhari ya vilima vya Siena kwenye jua kali, hewa inatetemeka, vidoto vya waridi na bluu na njano vimejaa. Picha nzuri, ila ukiiangalia vizuri unaona mtego alioingia. Ile ni taarifa ya mtetemo. Inakuambia kwamba siku ile pale Siena hewa ilitetemeka. Yeye alitaka picha itetemeke yenyewe, sasa hivi, mbele ya macho yako, bila kukusimulia habari za siku nyingine. Na kwa vidoto vya rangi hakuweza, kwa sababu rangi ina mambo mengi mno kwa wakati mmoja: aina yake, weupe au weusi wake, ukolezi wake, ukubwa wa eneo, nani kakaa naye. Ukibadilisha kimoja vingine vyote vinahama. Hujui nini kimesababisha nini.

Kwa hiyo akapunguza. Akazitoa rangi zote akabaki na nyeusi na nyeupe, umbo jepesi kabisa, na akaanza kubadilisha kitu kimoja kimoja. Movement in Squares ya 1961 ndo mfano wa kuanzia: ni vyumba vyeusi na vyeupe kama ubao wa drafti, urefu wa kila kimoja kwenda juu ni ule ule, ila upana unapungua kadiri unavyoelekea kulia, vinasinyaa vinasinyaa mpaka vinakuwa nyembe, halafu vinaanza kunenepa tena. Basi, hamna kingine. Na jicho linaapa kwamba turubai (kile kitambaa cha kuchorea) limekunjwa na kuzama ndani. Hakuna kilichozama. Wewe ndo umeizamisha.

Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalikuwa 1962 pale Gallery One, London, na miaka 3 baadaye akalipuka. Mwaka 1965 MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York, liliandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya aina hii, The Responsive Eye, na picha yake Current ikawekwa kwenye jalada la kitabu cha maonyesho. Unaweza kusema kaula. Wapi! Alipofika New York alikuta madirisha ya maduka yamejaa magauni yenye michoro yake, hata mfanyabiashara mmoja wa nguo aliyekuwa amenunua picha yake akaigeuza kitambaa bila kumuuliza. Akaenda kwa wanasheria, lakini hakimiliki ya Marekani ya wakati ule haikumsaidia chochote. Alikasirika sana, akasema itapita miaka 20 kabla watu hawajarudi kuziangalia picha zake kwa makini. Na kama nikisema ukweli hakukosea sana, maana mpaka leo kuna watu wanamwona mtu wa mitindo ya miaka ya 60, kama viatu vya platifomu vile.

Sasa rangi zinarudije? Polepole sana, na hiki kipande ndo ninachokipenda kuliko vyote. Katikati ya miaka ya 60 anaanza kuweka kijivu. Kwanza kijivu cha kupanda na kushuka kutoka nyeupe kwenda nyeusi, halafu kijivu chenye joto na kijivu chenye baridi, kimoja kinaegemea uhudhurungi, kingine kinaegemea ubluu. Kwa mtu anayepita haraka ni picha ya kijivu tu, lakini kumbuka lile jaribio la karatasi: kijivu ndo rangi inayoyumbishwa na jirani kuliko rangi zote. Alikuwa anapima. Kwenye Deny 2 ya 1967 kuna mayai mayai ya kijivu yamejipanga juu ya kijivu kingine, yanageuka geuka, na unaona jinsi tofauti ya joto na baridi inavyovutana na tofauti ya weupe na weusi, moja ikiwa na nguvu nyingine inanyamaza.

Mwaka huo huo wa 1967 anachora Cataract 3, mistari ya mawimbi inayoshuka kama maji, imeanza na kijivu, halafu ukifika katikati unakuta nyekundu ya moto na feruzi zimejitokeza kwa nguvu, kisha zinafifia tena kurudi kwenye kijivu. Ni kama unamwona anafungua mlango kwa kutegea. Picha nzuri, kali, inachokesha macho vibaya. Lakini ina tatizo na yeye kaliona: wimbi linafanya fujo yake, rangi inafanya fujo yake, hujui uangalie ipi.

Hapo ndo akafikia lile wazo ambalo kwangu mimi ni ufunguo wa mtu huyu. Kwenye nyeusi na nyeupe vitu vyenyewe ni imara, nyeusi ni nyeusi, kwa hiyo ilibidi umbo ndo liyumbe, liminywe, lipindwe, kitu kitokee. Rangi ni kinyume chake, yenyewe haitulii hata sekunde. Basi ukileta rangi, umbo lazima litulie, liwe rahisi kiasi kwamba jicho halina la kuuliza. Na umbo lipi halina la kuuliza? Mstari ulionyooka. Hauna katikati, hauna juu wala chini unapokatika, una kingo ndefu tu, na kingo ndipo rangi mbili zinapogusana. Kwa hiyo mstari ndo namna ya kupata kingo nyingi kuliko zote kwenye turubai moja. Kwa hiyo watu wanaposema amechora mistari kwa sababu hajui kuchora kitu kingine (na alikuwa fundi wa kuchora watu, kasomea hiyo, michoro yake ya ujanani ipo) wanakuwa wameshika mkia wa habari.

Tuiangalie Chant 2, nayo ya 1967, kwa karibu. Turubai kubwa, zaidi ya mita 2 kila upande, mandhari nyeupe, rangi 2 tu: nyekundu na bluu. Mistari inasimama wima. Kuna mstari mwekundu uliobanwa kulia na kushoto na bluu, halafu weupe, halafu mstari wa bluu uliobanwa na nyekundu, halafu weupe, inabadilishana hivyo hivyo kutoka upande mmoja mpaka mwingine, na upana hauko sawa kote, mahali pengine ile rangi ya kati inanenepa na ya pembeni inakonda. Sasa simama mbele yake kwa muda. Pale ilipokonda, nyekundu na bluu zinaanza kuambukizana na zambarau inatokea, inaenea mpaka kwenye weupe kama moshi. Pale iliponenepa zinasukumana, nyekundu inakuwa nyekundu zaidi. Zambarau haimo kwenye picha. Ukikaribia na pua yako haipo. Ukirudi nyuma imerudi. Na kile alichokitafuta Siena akakikosa kipo hapa, mtetemo unatokea, hausimuliwi.

Mwaka 1968 akaenda Venice kwenye Biennale, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa, na akachukua tuzo ya kimataifa ya uchoraji, mwanamke wa kwanza kuipata. Mwaka huo huo, na hili watu hawalijui sana, yeye na mchoraji mwenzake Peter Sedgley walianzisha SPACE, mpango wa kuwapatia wasanii studio za bei nafuu London, wakaanzia kwenye maghala yaliyoachwa ya St Katharine Docks. Mpango upo mpaka leo.

Miaka ya 70 nitapita haraka. Alirudi kwenye mawimbi, safari hii rangi 3 au zaidi zinasukwa pamoja kwenye kamba zinazopinda, rangi laini laini, na picha zinapendeza mno. Pengine zinapendeza kupita kiasi, mimi hunifika shingoni, lakini wapo wanaoziabudu na sigombani na mtu.

Kilichobadilisha kila kitu ni Misri. Majira ya baridi ya 1979 kuingia 1980 alisafiri kwenda Misri, akaingia kwenye makaburi ya Bonde la Wafalme, akaona michoro ya ukutani, akazunguka jumba la makumbusho la Cairo. Kilichompiga ni hiki: wale mafundi walitumia rangi chache zile zile kwa zaidi ya miaka 3000, kwenye makaburi, kwenye masanduku, kwenye vyombo vya nyumbani, kwenye vito, na hawakuzichoka. Wachoraji wa Ulaya wana hii tabia, wakikwama kwenye rangi wanavuka bahari kuja huku, Delacroix alikwenda Morocco 1832, Klee akaenda Tunisia 1914 akarudi anatangaza kwamba rangi imemteka, sasa zamu ya Riley. Angalau yeye amesema wazi wazi katoa wapi na kwa nani.

Aliporudi studio kwake akaziunda zile rangi upya kwa kumbukumbu tu: nyekundu, bluu, njano, feruzi, kijani, na nyeusi na nyeupe za kusaidia. Akaziita rangi zake za Kimisri. Na mfumo wake wote wa zamani ukavunjika, kwa sababu rangi zake za mwanzo alizichagua zinazokaribiana nguvu ili ziyeyuke na kuzaa rangi ambazo hazipo, wakati hizi za Misri kila moja ina kiburi chake, haiyeyuki. Huwezi kupanga njano ile na bluu ile ukategemea moshi wa zambarau. Ilibidi abadilishe swali, aache kuuliza rangi hizi zitazaa nini, aanze kuuliza zikisimama pamoja zinabebanaje. Ipi inakuja mbele, ipi inarudi nyuma, nyekundu hii nikiirudia baada ya mistari 5 jicho litaikumbuka? Ile ratiba ya kupanua na kukondesha mistari hatua kwa hatua ikatupwa, mpangilio ukawa wa kuamua kwa jicho, mstari mmoja mmoja.

Picha za wakati huo kama Ka na Ra zina majina ya huko huko, halafu kuna ile Achæan ya 1981 iliyopo Tate, jumba la sanaa la Uingereza. Ukiitazama Achæan kwa muda utaona feruzi iliyokaa karibu na nyeupe sio ile iliyokaa karibu na nyekundu, ingawa imetoka kwenye kopo moja, na utaona nyeusi inavyofanya kazi ya kupumzisha, bila ile nyeusi picha ingekuwa sare ya shule. Wakati huo pia akaacha akriliki kwenye tabaka la juu akarudi kwenye rangi za mafuta, kwa sababu zina ukolezi na kina ambacho alikihitaji.

Namna anavyofanya kazi inafaa kuelezwa kidogo maana ndo panapoleta ubishi. Anaanza kwenye karatasi, na rangi ya guashi (rangi ya maji iliyo nzito), anachanganya kwa mkono mpaka apate ile anayoitaka, anapaka karatasi, anazikata vipande, anavipanga, anavihamisha, kimoja kinatoka hapa kinakwenda kule, siku zinaenda, wiki zinaenda. Akishapata mpango, unachorwa wa ukubwa kamili kwenye karatasi, auangalie tena kwenye ukubwa huo, kwa sababu rangi iliyokuwa sawa kwenye karatasi ndogo ikikuzwa inaweza kuharibika kabisa (sheria ya upana, si unaona). Ndipo wasaidizi wanaingia na kupaka turubai la mwisho, kwa mkono, kwa brashi. Amekuwa na wasaidizi tangu miaka ya 60.

Na hapo watu wanapiga kelele, sasa kachora nani? Kwangu mimi hilo halina uzito kwa huyu mchoraji. Kwa mchoraji ambaye mkono wake ndo habari, ambaye unataka kuona jinsi alivyolichapa turubai kwa hasira, msaidizi angekuwa kichekesho. Riley anataka mkono usionekane kabisa, maana ukiona alama ya brashi jicho linaanza kufuatilia alama, linaacha rangi. Na yeye kukaa mbali na turubai kunampa nafasi ya kubaki mtazamaji wa kwanza, aangalie kama wewe utakavyoangalia.

Baada ya hapo anakatiza ile mistari ya wima kwa ulalo, kuanzia kama 1986, na turubai likagawanyika kuwa vipande vipande vya misambamba iliyoegemea. Nataraja ya 1993, nayo iko Tate, imebeba jina la Shiva, mungu wa Kihindu, anayecheza ngoma, na ni picha ngumu, ina vivuli vingi vya kila rangi, kijani cha aina hii na kile, chungwa, waridi, bluu kadhaa, vinaingiliana mbele na nyuma. Wengi hupita mbele yake wakadhani ni kitambaa. Kwangu hii ndo picha yake kubwa kuliko zote, kwa sababu hapa hakuna kiinimacho chochote cha kukukamata, hakuna kizunguzungu, ni rangi zinajenga nafasi peke yake kama chumba ambacho unaweza kutembea ndani yake kwa macho. Mwishoni mwa miaka ya 90 akaingiza tena mkunjo, na picha zikawa na maeneo mapana yanayopishana kama majani.

Alichora hospitali pia. Mwaka 1983 alipanga rangi za korido za hospitali kuu ya Liverpool, mikanda mirefu ya rangi inayokwenda na mtu anavyotembea au anavyosukumwa kwenye kitanda, na 1987 akafanya St Mary's, London, akarudi huko tena 2014. Watu wa sanaa wanalipita hili kama la pembeni, mimi naona limo ndani kabisa ya hoja yake, mahali ambapo mtu haji kuangalia sanaa na macho yake yamechoka. Na ule mpango wa Liverpool ulikuja kuzaa kazi yake kubwa ya ukutani kule Marfa, Texas, kwenye kituo cha sanaa cha Chinati, mwaka 2017, akazirudia zile rangi za Kimisri.

Kuanzia kama 2016 ameingia kwenye visahani, duara duara za rangi 3 zilizopauka kidogo, kijani, zambarau na chungwa, zimepangwa juu ya nyeupe. Zile zilizoko kwenye ukuta wa National Gallery ya London, Messengers ya 2019, ni kubwa na zimetawanyika, na ukizitazama kwa utulivu unaanza kuona visahani vingine vyeupe vyeupe vinaelea kwenye nafasi zilizo wazi, ule mzimu wa doa jekundu niliokuambia, ila umetulizwa usikurukie. Kuna waliosema mama kachoka. Sidhani, ingawa nakiri kuna picha za visahani ambazo ni mapambo tu.

La mwisho ni la kiufundi, na ni muhimu kwa sababu wengi wetu tutaziona kwenye simu. Simu inadanganya picha za Riley kwa namna maalumu. Turubai la mita 2 likishuka mpaka sentimita 6, mstari uliokuwa mpana kiasi cha kusukumana na jirani unakuwa uzi, na nyuzi zinaambukizana, kwa hiyo picha iliyopangwa igombane wewe unaiona imetulia na kupauka, tena kioo cha simu kinaongeza mawimbi yake ya uongo mistari ikikaribiana sana na vitundu vya kioo. Kwa hiyo usiiangalie nzima. Tafuta faili kubwa, ivute mpaka mstari mmoja uwe na upana wa kama kucha ya kidole gumba, punguza mng'ao, zima ile hali ya usiku inayoleta umanjano, halafu ukae nayo dakika 2 bila kusogeza. Anza na Chant 2 kwa sababu ina rangi 2 tu na utajua haraka kama zambarau imekuja au la, kisha nenda Achæan uone rangi zisizokubali kuyeyuka. Nataraja iache mpaka upate kompyuta.